Dungu la Juu Halina Mtu

Wanjiru ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, "Mama Rehema, ukistaafu ukaenda na hayo yote kichwani, sisi tutabaki tukiuliza bata." Nikamwambia nitaandika, ila kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu nilikipata kazini na kimezoea kusema mambo ya kazini: maji yamepanda, mbao zimeoza, tafadhali mfunge mbwa wako. Haya mengine kingeyaharibu. Wanjiru ni Mkenya, atawatafsiria ninyi wenzake wa mabwawani. Akifika pale ninapomsema Derek, asipunguze kitu.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko beji iliyokibeba, na bado nilikuwa nazibua mtaro ule ule.

Nilizaliwa kando ya mto Rufiji, chini ya Utete, kwa watu wa mpunga. Kwetu mvua zikikaribia familia inahama kijijini na kwenda kuishi shambani, kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, ili mto ukijaa maji yapite chini nanyi mmelala juu. Sisi tulikuwa na mawili. La chini, karibu na mto, alikaa dada yangu Zuhura, kwa sababu yeye ni mkubwa na kule kuna viboko. La juu lilikuwa langu. Mpunga ukianza kutia maziwa, kazi yetu ilikuwa kuamia ndege: kukaa huko toka alfajiri mpaka jua linazama, na kundi la kwelea likitokea, kulifukuza kwa teo la kurushia mawe, kwa debe na kwa sauti.

Sauti ilikuwa na utaratibu wake. Anayewaona ndege kwanza anapaza mwito. Wa dungu la pili anaitikia, na maitikio hayafanani na mwito, yana maneno yake na mkunjo wake. Halafu jirani anaamka, na jirani wa jirani, na ndege wanasukumwa shamba kwa shamba mpaka ng'ambo ya mto, wakawe shida ya watu wengine. Mimi nilikuwa mwanzishaji, kwa kuwa dungu la juu linaona mbali. Zuhura alikuwa mwitikiaji. Na kulikuwa na sheria moja ambayo mama hakuifanyia mzaha: ukiita usipoitikiwa, unashuka mbio kwenda kumtazama mwenzako amepatwa na nini. Mwito wenyewe sitauandika. Kwenye karatasi unakuwa kelele tu.

Sasa mnaweza kuielewa siku yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimekaa London miaka kadhaa nikisafisha ofisi za watu, mahali ambapo hata vumbi lilikuwa na zulia lake. Nikaona tangazo: anatakiwa msaidizi kwenye hifadhi ya mabwawa, Walthamstow, awe tayari kufanya kazi kwenye matope. Nikasema, hili wameniandikia mimi. Derek, msimamizi wa mabwawa, alinipa mabuti ya mpira yanayofika kifuani, ya kiume, na kidude cha kuhesabia kinachobonyezwa kwa dole gumba, akanipeleka moja kwa moja kwenye hesabu ya bata. Ilikuwa Jumapili ya Januari. Watu wa kujitolea wenye darubini walikuwa wameganda pale tangu kunapambazuka. Hakuna aliyekohoa.

Ndipo kwezi wakatokea. Kundi zima, ndege wadogo weusi, wakizunguka na kujikunja angani, kisha wakaanza kushuka kwenye matete. Naapa sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikapaza mwito wa dungu la juu, mzima, na makofi juu yake.

Kwezi waliondoka. Wakaondoka na bata wote, na bata bukini, na korongo mmoja mzee ambaye niliambiwa baadaye kwamba huwa haondokei mtu. Bwawa likabaki maji matupu. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu aliinama kukisoma kidude changu cha kuhesabia. Kilikuwa sifuri.

Lakini si hicho kilichonishtua. Kilichonishtua ni kwamba katikati ya aibu ile yote, nilijikuta nimesimama nikingoja kuitikiwa. Sikio langu lilikuwa limegeukia upande wa mto, na hapakuwa na mto, palikuwa na reli. Sijawahi kukumbuka nyumbani kama dakika ile. Nilitaka kukaa chini kwenye barafu nilie.

Derek alinisogelea. "Hiyo umejifunza wapi?"

"Nyumbani. Nikiwa mtoto ilikuwa kazi yangu."

"Kufukuza ndege?"

"Ndiyo."

Akaitazama ile anga tupu. "Na ulikuwa hodari, naona," akasema. "Basi hapa tunafanya kinyume."

Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu ya mafunzo. Tangu siku ile sikupaza sauti tena nikiwa na sare. Nilijifunza kutembea kimya, kufunga geti kimya, hata kupiga chafya ndani ya kiwiko. Mama yangu angeniona angedhani nimerogwa.

Derek hakuwa mtu wa kusifu. Chai yake aliiacha ikapoa makusudi, na viatu vyake vilinuka kuliko mtaro. Ila kila ninachokijua kuhusu maji nilikipata kwake. Ninyi mnayaona malango yetu ya maji mnadhani ni mbao tu zimepangwa moja juu ya nyingine. Ni kweli, ni mbao tu. Ukitoa moja, maji yanashuka kiasi cha kiganja. Kanuni ya Derek ilikuwa usitoe mbili siku moja, hata akupigie simu nani, kwa sababu bwawa la chini nalo lina wenyewe. Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, Derek akiwa likizo, na kibisi, ndege wa majini, alikuwa amejenga kiota chake kwenye matete ya bwawa la tatu, mayai manne, maji yanapanda kiotani. Nilitoa ubao mmoja. Nikakaa pale mpaka jioni nikiyatazama maji yanavyokataa kushuka, na mkono wangu uko juu ya ubao wa pili. Sikuutoa. Mayai mawili yalikwenda na maji, mawili yakaanguliwa. Derek aliporudi aliuliza nilitoa mbao ngapi. Nikasema moja. Akasema, "Vizuri," akaenda kuipoza chai yake. Hakuuliza usingizi nilioupata wiki ile.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ya linalofuata.

Mama yangu alifariki nikiwa mwaka wa saba hapo kazini. Pasipoti yangu ilikuwa Croydon, ndani ya lile jengo refu la uhamiaji, pamoja na ombi langu la kuruhusiwa kuishi hapa. Ningeweza kuiomba irudishwe. Ombi lingekufa, ningekwenda nikazike, na huenda nisingerudi. Rehema wangu alikuwa darasa la nne. Nikabaki. Mkono juu ya ubao, na sikuutoa.

Zuhura alinipigia mwenyewe. "Mama anazikwa alasiri," akasema. Nikaanza kumweleza mambo ya karatasi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Karatasi gani hiyo inayomzuia mtu kumzika mama yake?" Akakata simu.

Siku zile aliyenilisha ni Mama Kokila, jirani yangu wa chini, Mgujarati mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kina kelele kuliko changu. Alikuwa akiacha khichdi, wali wa choroko, mlangoni, anabisha, anakimbia, ili nisipate nafasi ya kukataa. Derek naye alinikuta kwenye banda la vifaa nimeshika reki, sijui nilikuwa naenda kureki nini. Akanipa kile kidude cha kuhesabia. "Hesabu chochote," akasema. Nilihesabu mpaka dole gumba likauma.

Karatasi zilitoka mwaka uliofuata. Ningeweza kwenda wakati huo, na hapa ndipo naona haya kuandika. Sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema nauli. Wa pili nikasema mitihani ya Rehema. Baadaye nikawa nasema msimu wa viota, kana kwamba ndege wa Walthamstow wasingeangua bila ya mimi Mwajuma kusimama pale. Nilipiga simu, Zuhura hakupokea. Salamu zikawa zinapita kwa mwanawe Hamisi, siku za Idi: "Mama anasema marahaba," kabla hata sijasema shikamoo. Kwetu ukiita usipoitikiwa unashuka kwenda kutazama. Mimi nilikaa juu miaka kumi na saba.

Derek alistaafu, akahamia kwa binti yake, na baadaye akafariki. Sisi tukabaki na kanuni zake.

Mwaka juzi tulipelekwa watu watatu kwenda pwani ya Karolina Kusini, Marekani, kuangalia wenzetu wanavyotawala maji kwenye hifadhi yao. Mnajua sipendi safari za mafunzo, mtu anasafiri maili elfu nne kwenda kuoneshwa mabango. Lakini hii ilinipata. Hifadhi ile zamani ilikuwa shamba la mpunga. Mifereji yote, tuta baada ya tuta, mpaka macho yanachoka, ilichimbwa na watumwa kwa majembe na ndoo, ndani ya kinamasi chenye nyoka na homa. Wajukuu wao bado wapo pale pwani, wanaitwa Wagullah-Geechee, wana lugha yao na mapishi yao na vikapu vyao. Na malango yale ya mpunga ndiyo yanayotumika mpaka leo kuwawekea bata maji. Milango ya mbao miwili, mmoja kila upande wa tuta. Mto ukijaa maji yenyewe yanausukuma ubao, yakitaka kurudi yanaufunga. Nilipiga magoti nikauweka mkono juu ya ubao. Derek angelala pale.

Aliyetutembeza ni Bi Ernestine, mama wa umri wangu na zaidi, fimbo mkononi, mwenyeji wa pale tangu mababu. Nikawahi kumwambia kwamba mimi ni wa upande mwingine wa Afrika, wao walichukuliwa upande wa magharibi, asije akadhani nimekuja kudai undugu. Akacheka. "Hata ungedai," akasema, "ungekaa nyuma ya foleni." Akanionesha bapa lao, kikapu kipana cha kupepetea mchele. Halijasukwa kama ungo wetu, limezungushwa na kushonwa kwa nyasi, lakini alipolitikisa mara moja, makapi ya kufikirika yalirukia upande ule ule ambao yangerukia kwa mama yangu. Nikageuka kidogo nikajifanya natazama bata.

Tulipofika katikati ya tuta akasimama. "Hapa," akasema, "ndipo walipokuwa wakiweka watoto. Nyanya wa nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Ndege wa mpunga wakija, watoto walikuwa wanawafukuza. Kutwa nzima, juani, kwa makelele."

Mwongozaji huwa anasema jambo mara mia kwa mwaka, na mgeni mmoja ndiye analipata. Nikamwambia, "Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Na mimi nilikuwa mtoto wa ndege. Lakini mpunga ulikuwa wa mama yangu, tuliula wenyewe."

Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwamba vitabu vya shamba vimebaki. Siku ya kupanda ipo, siku ya kufungua maji ipo, majina ya watu yapo yamepangwa na ya ng'ombe. Kilichopotea ni ile sauti. Nyanya yule hakumwimbia mtu, hakutaka isikike tena nyumbani kwake, na Bi Ernestine hakumlaumu. "Lakini nimezeeka hapa," akasema, "na kila nikipita naisikiliza. Niite basi. Wewe ulivyokuwa ukiita."

Nikamwonesha bango: wageni wanaombwa wakae kimya.

"Tuta hili wamelichimba wazee wangu," akasema. "Leo ruhusa natoa mimi."

Nikaita. Sauti ilitoka na kutu, ikakatika katikati, ikajikusanya. Korongo waliinuka mpaka kwenye miti ya ng'ambo. Wenzangu wawili wa London walitazama viatu vyao. Bi Ernestine alifumba macho, akangoja. Kisha akafumbua.

"Halafu?"

"Halafu dada yangu anaitikia."

"Anaitikia vipi?"

Nikafungua mdomo, sikuwa na kitu. Niliusikia mwitikio ule maelfu ya mara, ningeutambua nikiwa usingizini, lakini haukuwa wangu kuutoa, na sikuwahi kujaribu. Niliupapasa kichwani pale juu ya tuta, nikapata mwanzo wake tu, na mwanzo wenyewe sikuuamini. Nililia mbele za watu, na sare ya kazi nimevaa.

"Dada yako yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko hai."

Bi Ernestine alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayemwaga chakula. "Basi unanililia mimi kwa nini?" akasema. "Mpigie."

Ilinichukua msimu mzima wa baridi kupata ujasiri. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la bwawa la tatu, nikampigia Hamisi, nikamwambia asinipe salamu za mtu, anipe mtu mwenyewe. Nikasikia nyayo, na kuku, na simu ikipokewa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani?"

"Mwajuma."

"Mwajuma yupi?"

"Wa mama yako, dada."

Nikaharakisha, maana nilijua nikimpa nafasi atakata. Nikamweleza habari za Karolina, za watoto wa ndege, za yule mama anayesikiliza tuta.

"Miaka yote hii," akasema Zuhura, "umenipigia kuniuliza habari za ndege?"

"Ndiyo, dada. Niitikie. Mara moja tu."

Nikasimama, nikaita. Pale pale, saa nne asubuhi, na sare. Bwawa zima liliruka. Mwendesha baiskeli alikaribia kuingia majini. Wanjiru, wewe mwenyewe ulikuja mbio ukidhani nimeumwa na bata maji, nikakufukuza kwa mkono. Upande wa pili kuku walikuwa kimya. Niliibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Unaanza chini," akasema Zuhura.

"Nini?"

"Unaanza chini mno. Mama alikuwa anakwambia kila siku. Mwajuma, anza juu, ukianza chini sauti haivuki." Akajikohoza. "Na mimi siitikii simu. Mtu anaitikiwa akiwa juu ya dungu."

"Dungu langu bado lipo?"

"Lilikwenda na mafuriko. Hamisi amelisimamisha tena, pale pale. Dungu la juu halina mtu. Mpunga unatia maziwa mwezi wa tano." Nikasikia akivuta pumzi. "Kaburi liko chini ya mwembe wa kina Hamisi, utaoneshwa. Na uje na mabuti yako hayo ya Kizungu. Matope ni yale yale."

Akakata bila kuaga.

Sasa mnajua kwa nini nilikataa kuandikwa kwenye orodha ya wazee wa kujitolea, na keki ya kuniaga nilikula. Rehema aliposikia nakwenda miezi minne alisema, "Mum, four months? At your age?" Nikamjibu kwamba anaweza kuja wiki mbili za likizo, kuna nafasi kwenye dungu na ngazi ina vipandio sita. Ubao wa pili wa bwawa la tatu huvimba mvua zikinyesha. Upigeni nyundo kutoka kushoto. Korongo mzee aliyepo sasa msimsogelee. Jumapili ya hesabu ya mwezi wa tano msinitafute.

Kwa sasa nafanya mazoezi. Najifungia bafuni, nafungua bomba, naanza juu. Jana Mama Kokila aligonga dari kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda ngazi mwenyewe, akasimama mlangoni akihema.

"Mama Rehema! Wewe iko nini? Naita nani?"

"Namwita dada yangu."

Akatega sikio, kichwa upande. "Sasa mbona hajibu?"

"Ananingoja nifike," nikamwambia.